Mbio za Hapo Tu

Mpishi wa shule ndiye aliyeleta habari, na alikuja na mwiko mkononi. Alikuwa amesahau kuuweka chini. Aliingia kibarazani kwa fundi cherehani akihema kama aliyefukuzwa na nyuki, uji umemkaukia mpaka kwenye kiwiko, akasema neno moja tu.

"Chiriku."

Mama Chiriku hakuuliza Chiriku kafanya nini. Mguu wake ulisimama juu ya kanyagio, sindano ya cherehani ikabaki imezama katikati ya sketi ya mtoto wa watu.

"Kala karanga?"

"Nilimchotea juu, mama Chiriku. Haki ya Mungu, nilimchotea juu! Leo ni siku ya uji wa karanga, nami mwanao namjua kama ninavyowajua wangu. Unga wa karanga mzito, unazama chini. Juu unabaki uji mtupu. Nikasema, nimwache akae na njaa akiwatazama wenzake wanakunywa? Nikamchotea juujuu, taratibu, wala sikukoroga."

"Sindano yake ya dawa je? Wamemchoma?"

"Sindano iko kabatini kwa mwalimu mkuu."

"Najua iko kabatini. Nauliza wamemchoma?"

Mpishi aliutazama ule mwiko kana kwamba ndio ulioulizwa. "Funguo anatembea nazo mwenyewe. Na yeye kaenda mkutanoni tangu asubuhi. Mwalimu wa michezo kambeba mtoto, kakimbia naye hospitali."

Mama Chiriku alitoka mbio na tepu ya kupimia shingoni. Kandambili moja ilimvuka njiani, hakuigeukia. Watu wa dukani walimwona akipita wakadhani kaibiwa.

Alimkuta binti yake kitandani, amefunikwa pua na mdomo kwa kifaa cha hewa, uso umeumuka, macho yamebaki mistari miwili. Mtoto wa miaka tisa, asiyenyamaza hata akiwa anapiga mswaki, ndiyo maana mtaa mzima ulimpa jina la ndege yule, leo alikuwa kimya. Kimya hicho ndicho kilichomtia mama yake ubaridi kuliko uvimbe wenyewe.

Mwalimu wa michezo alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, shati limelowa chapachapa. "Pale darajani miguu ilikataa, mama," alisema bila kuinua uso. "Ilikataa kabisa. Ametokea muuza mikate na pikipiki yake. Kaimwaga mikate yote barabarani, katupakia."

Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye saa ya kubandika kifuani na sauti isiyo na mapambo. "Mama, koo likianza kufunga, una dakika kumi. Ukiwa na bahati, kumi na tano. Ndiyo maana tuliwaambia mnunue ile sindano mtembee nayo. Ilikuwa wapi?"

Mama Chiriku aliivuta tepu shingoni, akaikunja. Aliona haya, yeye, kana kwamba ndiye aliyeifungia.

Sindano hiyo imetengenezwa mfano wa kalamu nene: unaikandamiza pajani, inachoma yenyewe. Ili kuinunua, Mama Chiriku aliuza mashine yake ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za nguo, na tangu siku hiyo kingo alikuwa anazifunga kwa mkono mpaka vidole vinatoboka. Aliishonea mkoba mdogo wa kufunga kiunoni, akamfundisha Chiriku, akamfundisha mwalimu wa darasa. Siku ya pili mwalimu mkuu aliuona ule mkoba akauvua mbele ya wanafunzi wote. Sindano ni kitu chenye ncha, alisema. Dawa hazitembei shuleni kwangu. Akaufungia kabatini.

*

Kesho yake Mama Chiriku alikaa kwenye benchi la nje ya ofisi tangu kengele ya kwanza mpaka ya mapumziko. Mlango ulikuwa wazi. Alimwona mwalimu mkuu akisoma gazeti, akilikunja, akinywa chai, akilikunjua tena.

"Ah, mama wa sare!" alisema alipomwita hatimaye. "Nilidhani umeniletea zile sketi."

"Nimekuja kwa habari ya mwanangu, mwalimu."

"Nimesikia. Pole sana. Tunamshukuru Mungu." Alivuta droo, akatoa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. "Sasa, ili tusirudi tena huku, utaweka sahihi hapa. Kwamba mzazi anaelewa hali ya mtoto, na kwamba shule haitahusika kwa lolote litakalotokea."

Mama Chiriku alisoma polepole, kidole chini ya kila mstari, kama alivyosoma tangu darasa la kwanza. "Hapa hapakuandikwa kwamba sindano atakaa nayo."

"Sindano inakaa kabatini. Huo ni utaratibu."

"Na wewe ukiwa mkutanoni?"

"Mama, nina watoto mia sita. Mia sita! Huyu hataki karanga, yule kesho hataki maziwa, yule hataki kuamka. Nikimfuata kila mmoja na deko lake nitafundisha saa ngapi?"

"Si deko. Ni mzio. Daktari ameandika."

"Sawa, aleji. Kwani jana ilikuwaje? Si alibebwa? Si alifika? Si yuko hai? Hospitali yenyewe ni hapo tu."

"Hapo tu?"

"Hapo tu, mama. Ukitoka getini unapinda. Mwalimu wa michezo ana miguu ya farasi. Likitokea tena, tutambeba tena." Alimsogezea kalamu. "Kama huridhiki, shule ziko nyingi. Mpeleke mtoto wako huko, na hizo sare nasi tutapata fundi mwingine wa kuzishona."

Alilisema hilo la sare huku akitabasamu. Mama Chiriku aliiweka kalamu juu ya karatasi, sawasawa katikati, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Hakutia sahihi. Aliomba apewe mkoba wa mwanawe na sindano yake, maana mtoto angekaa nyumbani kwanza, akapewa, akatoka.

*

"Ungesaini," alisema Baba Chiriku.

Alikuwa uani akisugua brashi zake kwa mafuta ya taa. Alikuwa fundi rangi, na kwa mwaka mzima alikuwa akipaka vyumba vya watu mmoja mmoja, akingojea kazi moja kubwa. Kazi hiyo aliahidiwa na mwalimu mkuu: madarasa kumi na mawili, ndani na nje.

"Nisaini kwamba mwanangu akifa ni shauri yake?"

"Sijasema hivyo. Nasema usimkasirishe kabla hajanipa ile kazi. Mtoto atakaa nyumbani wiki mbili, mambo yatapoa."

"Mambo yapi yatapoa, baba Chiriku? Karanga zitapoa?"

Bibi, mama yake Baba Chiriku, alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele, na mpaka hapo alikuwa upande wa mwanawe. "Enzi zetu hatukuwa na maradhi haya," alisema. "Mtoto anakula anacholetewa, anashukuru. Mnamlea huyu kwenye pamba."

"Bibi," Chiriku aliingilia. Sauti ilikuwa imemrudia, na pamoja nayo maneno yote aliyokuwa hajayasema hospitali. "Kitendawili!"

"Tega."

"Mgeni wangu ni mdogo kuliko kidole gumba. Akiingia, mlango unafunga, mwenye nyumba anakufa ndani."

Bibi alifikiri. Alikuwa hodari wa vitendawili, hakupenda kushindwa na mjukuu. "Panya? Moto wa kibiriti?" Mwishoni akatoa mji, kama wanavyofanya walioshindwa. "Haya, mji nakupa. Ni nini?"

"Karanga," alisema Chiriku, akajigusa koo. "Hapa ndipo mlango."

Bibi aliacha kuchambua. Mkono wake ulibaki juu ya ungo, punje zimekwama katikati ya vidole.

"Baba yako alikuwa na dada," alisema hatimaye, akimwambia Chiriku lakini akimtazama mwanawe. "Alikuwa na miaka minne. Alikwenda kucheza kwa jirani, akapewa kitu cha kutafuna. Alirudi akijikuna, kavimba midomo. Jua halijazama, tukawa tunamwosha. Mimi nikasema jirani kamtilia sumu. Nilisema mbele ya watu. Yule mama hakuuziwa tena chumvi mtaani pale. Alihama na watoto wake." Alizikung'uta punje vidoleni. "Alikuja kuapa mlangoni kwangu kwamba alimpa karanga tu, gao moja la kiganja, alizokuwa anakula yeye mwenyewe. Nikammwagia maji machafu."

Baba Chiriku alikuwa ameshika brashi inadondosha mafuta juu ya mguu wake.

"Mama, hukuniambia," alisema.

"Ningekuambia nini, na mimi sikujua? Nimejua sasa hivi, kwa kitendawili cha mtoto." Bibi aliusukuma ungo pembeni. "Mkwe wangu, usisaini karatasi ya mtu yule."

*

Kila mwaka shule ilikuwa na mbio za wazazi. Mwalimu mkuu alizipenda kwa sababu afisa elimu alikuja, wapiga picha walikuja, naye alivaa suti ya michezo. Mwaka jana zilikuwa mbio za usafi, mwaka juzi mbio za kupanda miti. Kwenye kikao cha wazazi aliuliza, mwaka huu tuhamasishe nini?

Mama Chiriku alisimama kabla ya yeyote.

"Mbio za watoto wenye mzio wa chakula. Tukimbie kutoka getini mpaka hospitali. Kwa kuwa mwalimu mkuu amesema ni hapo tu, hata wazee watamudu."

Watu walicheka. Mwalimu mkuu naye alicheka, kwa sababu hakuona ubaya wowote, na kwa sababu afisa elimu alipenda sana neno kuhamasisha.

"Wazo zuri, mama wa sare! Na mimi nitaongoza."

"Ila tutabeba watoto," alisema Mama Chiriku. "Si watoto wenyewe. Nitashona mifuko, tutie mchanga. Kila mfuko uzito wa mwanangu. Mizani ya hospitali ilisema kilo ishirini na mbili."

"Itapendeza hata kwenye picha," alisema mwalimu mkuu, akaandika.

Mpishi, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka. Alimngoja nje. "Nipe na mimi mfuko, mama Chiriku," alisema. "Mbio zenyewe siziwezi, lakini nipe. Silali. Nikifumba macho naona juu ya sufuria pale, peupe, pasafi. Ningeapa hapakuwa na kitu."

Mama Chiriku alikuwa amemwekea kinyongo mwanamke huyu kwa siku kumi. Alitaka kumwambia maneno mazito, na alikuwa nayo tayari. Badala yake alisema, "Kesho njoo unisaidie kukata kitambaa."

Walishona mifuko arobaini kwa mabaki ya sare, bluu kwa kahawia. Baba Chiriku alileta mchanga kwa toroli, safari baada ya safari, na hakuzungumzia tena yale madarasa. Asubuhi ya mbio alitundika kitambaa juu ya geti la shule, kimeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za fundi anayejua kazi: MBIO ZA HAPO TU.

Mwalimu mkuu alikisoma. Alikisoma tena. Afisa elimu alikuwa ameshafika, wapiga picha wameshafika. Alimwita Baba Chiriku pembeni.

"Fundi, hii ni kejeli?"

"Ni rangi ya mafuta, mwalimu. Haitoki."

"Ile kazi ya madarasa, basi, usihesabu."

"Nilikwisha acha kuihesabu," alisema Baba Chiriku, akaenda kubeba mfuko wake.

*

Filimbi ilipolia, kila mtu alicheka na kuruka. Mwalimu mkuu alitangulia, mfuko begani, akiwapungia wapiga picha. Akina mama waliifunga mifuko yao mgongoni kwa kanga, akina baba wakaikumbatia. Mita mia za kwanza zilikuwa sherehe.

Kisha barabara ikapanda.

Mama Chiriku hakuwa mkimbiaji. Alikuwa mtu wa kukaa, mwenye magoti ya kukanyaga cherehani. Mchanga ulimning'inia mgongoni kama usingizi wa mtoto, ule uzito wa mtoto asiyejishikilia. Alipofika kwenye maduka pumzi ilikuwa inamkwaruza. Pembeni yake baba mmoja mnene alisimama, akashika kiuno, akasema, "Jamani, hii hospitali imehamishwa?" Hakuna aliyecheka. Mwanamke mwingine alikuwa analia huku akitembea, na alipoulizwa unalia nini alisema wangu ni mayai, akila mayai anajaa uso, nami huwa nampiga nikidhani anajifanya.

Darajani, Mama Chiriku aliinama, mikono juu ya magoti. Hapa ndipo miguu ya mwalimu wa michezo ilipokataa. Kutoka hapa hospitali haionekani hata bati lake.

Yaliyotokea mbele alisimuliwa baadaye na Chiriku, aliyekuwa ameketi mezani nje ya hospitali kando ya muuguzi na saa yake.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa michezo. Alifika na mikono juu, jasho linamchuruzika, mfuko umemchubua shingo. "Wa kwanza!"

Muuguzi alitazama saa. "Dakika ishirini na sita. Umechelewa."

"Nimechelewaje? Mbona mimi ndiye wa kwanza?"

"Wa kwanza kuchelewa." Aliandika kwenye daftari. "Mweke mtoto hapo chini."

Watu waliokuja kutazama waliangua kicheko. Wa pili akafika. "Dakika ishirini na tisa. Umechelewa." Wakacheka tena. Wa tatu, umechelewa. Wa nne, umechelewa. Muuguzi hakubadilisha sauti hata kidogo. Kila mfuko ulilazwa ukutani kando ya mwenzake. Kufika wa kumi hakuna aliyekuwa anacheka. Afisa elimu, aliyekuja kwa gari na kukalishwa chini ya mwavuli, alianza kuihesabu ile mifuko kwa macho, akaacha.

Mama Chiriku alifika kwa dakika arobaini na moja. Bibi alimpokea mfuko, akaulaza mwenyewe, akaunyoosha kona zake.

"Mama," alisema Chiriku taratibu, "na wewe umechelewa."

"Najua, mwanangu."

Wote wakafika. Baba mnene, mwanamke wa mayai, Baba Chiriku, mpishi aliyetembea njia nzima bila kukubali kupokewa. Wakabaki wanamngoja mmoja.

Mwalimu mkuu alitokea baada ya saa nzima na zaidi. Alikuwa anatembea, suti ya michezo haina hata alama ya mchanga. Alipoona wapiga picha akaanza kukimbia kidogokidogo, mikono mitupu ikipunga. Afisa elimu akapiga makofi mawili matatu.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza muuguzi.

"Mtoto gani?"

"Uliyekabidhiwa."

"Aaa, ule mfuko!" Alijifuta uso. "Nimeuacha pale darajani. Jamani, mzito ule. Nikasema mtu ataupitia." Akacheka, akitafuta wa kucheka naye. Makofi ya afisa elimu yalikuwa yamekatika.

Watu thelathini na tisa walikuwa wanamtazama, migongo imewachubuka. Nyuma yao ile mifuko ya bluu na kahawia ilikuwa imelala ukutani, mistari mitatu, na mwishoni mwa mstari wa tatu palikuwa na nafasi tupu.

Mama Chiriku alijitokeza. Alikuwa ameyaandaa maneno mengi, usiku na mchana, juu ya cherehani. Yalipofika mdomoni yalikuwa machache.

"Jumatatu Chiriku anarudi darasani. Sindano yake itakuwa wapi?"

Mwalimu mkuu alimgeukia afisa elimu. Afisa elimu alikuwa ametoa kalamu na anamngojea yeye.

"Kiunoni kwake," alisema mwalimu mkuu.

"Sikusikia."

"Kiunoni kwake, mama Chiriku."

"Na karatasi yako?"

"Nitaichana."

"Vizuri," alisema. "Sasa rudi kamchukue."

Mwalimu mkuu alingoja mtu amwambie basi, imetosha, mwenzetu amechoka. Aliwatazama walimu wake, akawatazama wazazi, akamtazama hata muuza mikate aliyekuwa ameegesha pikipiki yake pale kivulini. Halafu akageuka, akashika barabara kuelekea darajani. Na katika umati wote ule hakupatikana mtu wa kumkumbusha kwamba ulikuwa mchanga tu.